Mwanga wa Mchana

Mina aliporudi kutoka shambani alikuta khanga zake zimekunjwa.

Asubuhi alikuwa amezitupa tu juu ya kitanda, maana kengele ya shamba la kijiji hulia kabla mtu hajamaliza uji. Sasa zilikaa pembeni, nne, zimekunjwa pindo kwa pindo. Mtungi aliouacha wazi ulikuwa umefunikwa kwa sahani ya bati. Sakafu ilikuwa imefagiwa. Hakuna kilichopotea, na hilo ndilo lililomsisimua mwili. Mwizi unamwelewa, mwizi anachukua. Huyu alikuja, akafanya kazi, akaenda zake.

"Ni wewe uliyefagia?" alimuuliza mumewe, Kitwana, aliyekuwa ndiyo kwanza anatua jembe.

"Mie? Tangu lini?"

Mina akamkumbatia mwanawe Mtoro kifuani, akakaa nje hadi jua lilipotua.

Hiyo ilikuwa nyumba ya tatu katika mstari ule wa nyumba kuingiwa namna hiyo. Mara zote ilikuwa jua la utosi, saa sita hadi saa saba, kijiji kizima kikiwa shambani. Mtu mmoja tu ndiye aliyeona kitu. Alikuwa amebaki kwake na homa, akachungulia dirishani, akaona mtu amejitanda kaniki, anatembea polepole katikati ya jua kali, mkono mmoja ameunyoosha mbele. Mtu yule aliufikia mlango, akaupapasa, akaingia bila hodi. Mgonjwa alijifunika shuka kichwani na hakuchungulia tena.

Ni hilo la hodi lililomaliza ubishi. Pwani hakuna mwanadamu anayevuka kizingiti cha mwenziwe bila hodi. Mdai hupiga hodi, polisi hupiga hodi, hata mtu aliyekuja kukutukana huanza kwa hodi. Wasiopiga hodi ni wawili tu, mwenye nyumba na mwanga, yule mchawi. Mwenye nyumba walimjua. Akabaki mwanga.

Tatizo ni kwamba wanga ni watu wa usiku. Huyu wa mchana hakuna aliyewahi kumsikia, hata wazee. Lakini mwaka huo wa sabini na nne kila kitu kilikuwa kipya. Kijiji chenyewe kilikuwa na miezi miwili. Kilikuwa na jina zuri la serikali, limeandikwa kwenye ubao kando ya barabara ya kwenda Mkange, ila watu walikiita Mistarini, kwa kuwa nyumba zake mia moja na ishirini zilipangwa mistari kumi na miwili, kumi kumi, udongo uleule, milango ileile, hatua zilezile kutoka nyumba hadi nyumba. Afisa mmoja kijana, mtu wa bara, alipopita kuuliza shida za wananchi, aliambiwa wanasumbuliwa na mwanga wa mchana. Aliandika kwenye daftari lake kwamba madirisha ya nyumba yapunguzwe, kisha akapanda gari akaenda zake.

Nyumba ya sita katika mstari wa kina Mina ilikuwa ya Pazi, mkewe Ashura, na mama yake Pazi, Bi Mwanamkasi, mwanamke wa miaka sitini ambaye macho yake yalikuwa yamezimika miaka kumi na mitatu nyuma. Huyo ndiye aliyekuwa mwanga. Nakwambia mapema usije ukahangaika bure, maana siri iliyokuwapo Mistarini watu waliitengeneza wenyewe.

Kule walikotoka kabla ya kuhamishwa, watu walikuwa wamekwisha kusahau kwamba haoni. Njia ya kisimani ilikuwa imechimbwa na nyayo za mababu. Mguu ukikosea ulipanda ukingo, ukajirudi wenyewe. Aliteka maji, alitwanga, alikwenda misibani peke yake na kuwatangulia wenye macho. Hapa greda lilipita likalaza kila kitu. Ardhi ilikuwa sawa mbele, sawa nyuma, sawa kulia na kushoto, na mguu haukuwa na la kuuliza. Wiki ya kwanza tu watu walianza kumwita "yule kipofu wa kwa Pazi". Alikuwa hajawahi kuitwa hivyo.

Shida ilianzia chooni. Kwa amri ya afya kila choo kilichimbwa hatua arubaini nyuma ya nyumba, na vyoo navyo vilikuwa mstari.

"Mama, usitoke peke yako," Ashura alimwambia. "Nikirudi saa saba nitakupeleka."

"Na haja ikija kabla ya saa saba?"

"Jikaze kidogo, mama. Nifanyeje? Nisipokwenda shambani naandikwa."

Basi mtu mzima akawa anakaa tangu alfajiri hadi saa saba amejibana. Siku nne aliweza. Siku ya tano hakuweza. Alifua kaniki yake mwenyewe kwa kupapasa, akaianika, na Ashura aliporudi akamwambia kwamba amemwagikiwa maji. Ashura akaamini, au alijifanya ameamini. Siku ya sita Bi Mwanamkasi alifungua mlango wa nyuma akaenda mwenyewe.

Kwenda kulikuwa rahisi, harufu ilimwongoza. Kurudi ndiko kulikokuwa na balaa. Alihesabu arubaini sawasawa, lakini mwili usioona huegemea upande bila mwenyewe kujua, na hatua arubaini zinatosha kukupeleka nyumba ya jirani. Alipapasa mlango, ukawa mlango wake. Alipapasa ukuta, ukawa ukuta wake. Akaingia, akanyoosha mkono kulia kushika kitanda, hakikuwapo.

Hakufikiri hata kidogo kwamba amepotea. Amepoteaje, naye amehesabu? Alijua tu kwamba yuko ndani ya nyumba yake na kwamba nyumba imegeuka. Kitanda kilikuwa kushoto. Mtungi ulikuwa katikati ya njia. Palinuka mafuta ya mtoto, na kwao hapakuwa na mtoto. Alitoka mbio, akarudi hadi chooni, akahesabu tena, akaingia. Kitanda kikawa kulia, mtungi pembeni, kila kitu mahali pake, kama hapakutokea kitu.

"Ashura mwanangu," alisema jioni ile, "leo ulihamisha kitanda ukakirudisha?"

"Mie? Kwa nguvu zipi, na jembe lote lile?" Ashura alikuwa anapuliza moto, macho yamejaa moshi. Akacheka. "Labda kimetembea chenyewe."

Ilikuwa mzaha wa mtu aliyechoka. Bi Mwanamkasi alilala nao. Pori lile lililofyekwa kujengwa Mistarini, wazee walikuwa wakisema tangu zamani, lilikuwa na wenyewe, na hao wenyewe si watu. Hawakuombwa ruhusa wala hawakuchinjiwa hata kuku. Sasa walikuwa wanaidai nyumba yao, na walikuwa wanaidai kwake yeye kwa kuwa ndiye aliyebaki peke yake mchana.

Akaamua kuwabembeleza. Kila nyumba ilipogeuka, hakukimbia tena. Alifagia. Alikunja nguo alizozikuta. Alifunika maji yao. Kisha alikaa kwenye kitanda kisicho chake, akasoma Ayatul Kursi mara saba, akatoka, akaanza safari upya hadi nyumba ilipokubali kuwa yake. Hakumwambia mtu. Kipofu watu wanamvumilia, lakini kipofu mwenye wazimu alijua wanamfanya nini.

Kisha Mtoro, mtoto wa Mina, akaugua. Alishikwa na homa siku tatu, mwili moto, macho yanageuka. Lisemwalo lipo, wakasema wanawake kisimani, na wale waliokuwa wakicheka habari za mwanga wa mchana wakaacha kucheka.

Mwenyekiti wa kijiji, Ndugu Mwinyijuma, hakuwa mtu mbaya. Aliipenda mistari yake na aliwaogopa watu wa wilayani, basi. Mkutanoni alisema ushirikina ni adui wa maendeleo. Baada ya mkutano alituma mtu Vigwaza kumwita mganga Mwishehe.

Mwishehe aliingia kijijini na mkoba wake wa ngozi, mnene, anapumua kwa kelele. Alimtazama mtoto, akasema asipelekwe zahanati maadamu mkono wa mwanga uko juu yake. Kesho kijiji kiende shambani kama kawaida. Watu wachache wajifiche humo ndani, kimya, mtoto awe kitandani. Atakayeingia bila hodi ndiye.

"Atanyolewa kichwa," alisema. "Atakunywa dawa mbele ya watu wote. Nyumba yake itabomolewa, na kabla ya magharibi awe ameondoka na jamaa zake wote."

"Waende wapi?" Mina aliuliza.

"Alikotoka."

Alikotoka kulikuwa kumekwisha kuchomwa moto ili watu wasirudi. Hilo walilijua wote.

Wa kubaki walikuwa Mwishehe, mwenyekiti, Kitwana na Mina, na mwanamume mmoja wa mstari ule awe shahidi. Mwenyekiti akamchagua Pazi. "Wewe huna maneno mengi," alimwambia, na Pazi, ambaye tangu ahamie Mistarini hakuwahi kuchaguliwa kwa lolote, akajisikia mtu. Waliapishwa wasiseme nyumbani. Usiku Pazi alimwambia mama yake neno moja tu.

"Mama, kesho usitoke. Hata mlangoni."

"Kuna nini?"

"Mambo ya wanaume."

Laiti angemaliza! Angesema tu kwamba kuna mtu anaingia nyumba za watu mchana anakunja nguo, mama angepiga kelele hapohapo na mambo yangekwisha. Lakini mwanamume aliyepewa siri kwa mara ya kwanza huifumbata mpaka imuumize.

Saa sita ilipita. Dirisha la kwa Mina lilikuwa limefungwa, mlango umeegeshwa, na joto ndani lilikuwa la tanuri. Mtoro alilala kitandani anapumua harakaharaka. Kitwana alikuwa na panga. Pazi alipewa rungu, akasimamishwa nyuma ya mlango. Mwishehe alikuwa amenyunyiza majivu kizingitini na kuketi juu ya kinu, na mwenyekiti alichuchumaa karibu na mtungi, jasho linamtiririka hadi kidevuni. Mina alikaa chini miguuni pa mwanawe. Nje hapakuwa na sauti ya jogoo wala ya mtoto.

Wakasikia nyayo.

Zilikuwa nyayo za miguu mitupu, za mtu asiye na haraka. Zilikuja, zikasimama, zikaja tena. Palisikika mnong'ono, mtu anahesabu: thelathini na nane, thelathini na tisa. Kitu kikaanza kukwaruza mlango taratibu, juu, chini, juu tena. Mlango ukasogea, na mkono ukaingia kwanza, vidole vimetanuka, unapapasa hewa.

Pazi aliujua mkono ule kabla hajauona uso. Alitaka kusema. Wallahi alitaka. Neno "mama" hakulitoa, kwa kuwa baada yake yangekuja mengine: mtoto wa mwanga, nyumba ya mwanga, Pazi wa mwanga. Akabaki amejibana ukutani, rungu mkononi.

Bi Mwanamkasi alikanyaga majivu, akaingia. Akanyoosha mkono kulia, hakupata kitu. Mabega yakamshuka.

"Na leo tena," alisema.

Aliongea kwa sauti ya mtu anayezungumza na wenyeji wakali. Akapapasa hadi kwenye mtungi, kaniki yake ikapita shavuni pa mwenyekiti, naye mwenyekiti akafumba macho. Akaupata mtungi hauna kifuniko, akatafuta sahani, akaufunika. Akaenda kitandani. Mkono wake ukamgusa mtoto, ukasita, ukarudi, ukampapasa kichwa, kifua, tumbo.

"Leo mmeniletea na mtoto," alisema polepole.

Mina alijiziba mdomo kwa khanga.

"Huyu ni mtoto wa watu, na anaungua. Mrudisheni kwao." Alirudi kwenye mtungi, akachovya pindo la kaniki, akalikamua juu ya paji la uso la Mtoro. "Mimi mzee, nichezeeni mnavyotaka. Nimewafagilia. Nimewakunjia nguo. Maji yenu nimeyafunika. Kitanda changu kikae kulia, mtungi wangu pembeni, basi, sina ombi jingine. Lakini mtoto mrudisheni, ana mama huyu."

Akainua kichwa, akakigeuza polepole upande mmoja, kisha upande wa pili.

"Leo nawasikia," alisema. "Mnavuta pumzi. Basi semeni. Ni watu nyinyi, au si watu?"

Mwenyekiti alimtazama Pazi. Kitwana alimtazama Pazi. Pazi aliutazama ukuta.

"Karibu, mama," alisema Mina.

Aliinuka, akamshika mkono mzee yule. "Karibu. Hapa kwa Mina, mke wa Kitwana. Kwenu nyumba ya pili kutoka hapa."

"Kwa Mina?"

"Kwa Mina, mama."

Ilichukua muda kuingia. Ilipoingia, Bi Mwanamkasi aliivuta kaniki akajifunika uso mzima, kama aliyekutwa uchi. "Nimeingia kwa watu bila hodi!" alisema humo ndani ya nguo. "Yaa Rabi! Siku zote hizi? Nguo za watu? Vitanda vya watu? Mwanangu nisamehe, sikupiga hodi kwa kuwa nilikuwa nakuja kwangu."

Mwishehe alikohoa. "Masharti ni masharti. Kaingia bila—"

"Kaingia kwake!" Mina alimgeukia kwa hasira iliyomshangaza mwenyewe. "Nyumba hizi nani anazijua? Mimi nina macho mawili, na wiki ya kwanza niliingia kwa jirani yetu Sihaba nikamkoromea mumewe kwa nini kalala na jembe halijanolewa. Mbona hamkuninyoa?"

Kitwana, panga mkononi, nusura acheke. Kisha akamtazama mwanawe, akalitupa panga, akambeba, akatoka kutafuta baiskeli ya kumpeleka zahanati. Malaria, wakamwambia huko, na mngechelewa hadi kesho tungesema mengine.

Walipogeuka kumtafuta Pazi, mlango wa nyuma ulikuwa wazi.

Mina alimweleza Ashura yote kisimani, kuanzia majivu hadi mwisho.

"Na Pazi alisema nini?" Ashura aliuliza.

Mina akainama kufunga kamba ya ndoo iliyokuwa imekwisha kufungwa. Ashura hakuuliza tena, na siku tatu hakumpakulia mumewe. Alimwachia chungu na upawa akajipakulie mwenyewe. Bi Mwanamkasi hakumwambia habari za Pazi. Usiku tu alikaa naye, akamshika miguu, akalia: "Nilicheka, mama. Uliniuliza habari ya kitanda nikacheka."

Mwenyekiti alikuja na ushauri wake. Alikuja na heshima zake zote, akaketi kwenye mkeka. "Ndugu zangu, njia ni rahisi. Mkienda shambani mfungieni kwa nje. Mwekeeni ndoo."

Pazi alikuwa anachora chini kwa kijiti. "Labda kweli," alisema.

"Anayefungiwa ni mbuzi," Ashura alisema.

"Shemeji, tuongee kwa utaratibu."

"Naongea kwa utaratibu, Ndugu Mwenyekiti. Mama yangu hakupotea miaka kumi na mitatu. Mistari yako ndiyo iliyompoteza. Tutaweka kamba kutoka mlango huu hadi chooni, na nyingine hadi kisimani, na kila nyumba ya mstari huu itaweka mlangoni pake kitu cha kukanyaga, asikichanganye na cha mwenziwe. Nimekwisha kusema na wanawake."

"Kamba! Wageni wa wilaya wanakuja mwezi ujao kukagua. Kijiji kitaonekana kama uwanja wa kuanikia samaki."

"Waambie ni wa kuanikia nguo."

Mwinyijuma alisonya, akaondoka, na wanawake hawakungoja jibu. Mina alifukia vifuu vya nazi mlangoni pake, migongo juu. Sihaba alimwaga kokoto. Mwingine alipanda mchaichai pande zote mbili, na asubuhi ukipita huku umeugusa unanukia mkononi hadi mchana. Mwanamume mmoja alilalamika kwamba vifuu vimemkwaza, akaambiwa ainue miguu. Wazee wawili wa mstari wa saba, ambao macho yao yalikuwa yanakwenda kidogo kidogo nao wakificha, walikuja kuuliza kama kamba inaweza kurefushwa.

Kamba aliisokota Pazi. Hakuambiwa. Alileta katani mwenyewe, akakaa uani kila alasiri tangu kurudi shambani hadi magharibi, akasokota mpaka viganja vikatoka malengelenge. Kamba ndefu haisokotwi na mtu mmoja, lazima mwingine ashike ncha ya pili aikaze. Ashura hakuishika. Siku ya pili Bi Mwanamkasi alitoka ndani akipapasa ukuta, akaketi kwenye kigoda, akanyoosha mkono.

"Lete ncha."

Pazi alisokota, mama akakaza. Kuku walipita chini ya kamba.

"Siku ile kwa Mina," mama alisema, "ukimtoa mtoto, mlikuwa wangapi mle ndani?"

Mlikuwa, alisema, hakusema walikuwa. Pazi angeweza kujibu kwamba yeye hakuwapo, kwamba amesikia tu. Jibu hilo alikuwa nalo tayari kwa siku tano.

"Watano, mama."

Bi Mwanamkasi alihesabu kwa kidole gumba juu ya vidole vingine. "Mganga, yule anapumua kama ng'ombe. Mwenyekiti kifua chake kibovu. Kitwana. Mina." Akakomea hapo. "Mimi nilisikia wanne. Nimekaa nafikiri, huyu wa tano alijizuiaje muda wote ule."

Mikono ya Pazi ilikuwa imesimama. Kamba ikaanza kujifungua polepole kati yao, inajizungusha nyuma.

Mama yake akaizungusha ncha yake kiganjani mara mbili, akaikaza.

"Vuta," alisema. "Vuta, mwanangu."